Misumari ya Nje

Ti.

Giza lilikuwa halijaondoka. Mbuke alifumbua macho, akatulia kwenye mkeka wake. Kimya. Halafu tena, kutoka barazani: ti. Aliijua sauti ile. Ni msumari unaoachia ubao.

Baba yake, mzee Mihayo, alikuwa mmoja wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka. Siku ya Sabasaba watu walijaa uwanjani kumtazama akicheza na chatu shingoni. Chatu huyo aliitwa Mtulivu, naye alikuwa mnene kama paja la Mbuke. Tenga lake la zamani halikumtosha tena, ndipo Baba akaleta mbao za makreti kutoka Isaka ili amjengee sanduku.

Pale mtaani Kambarage walipanga nyumba moja na Mama Zuwena, muuza vitumbua, na baraza lilikuwa la wote.

"Baba Mbuke, mimi na nyoka wako hatuna ugomvi," Mama Zuwena alikuwa amesema. "Ila nina mwanangu Shaaban hapa, anatambaa. Sanduku likifunguka hata siku moja, nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Nyoka ataondoka, na wewe utamfuata."

"Halifunguki," Baba alijibu akicheka. "Fundi wangu ni Mbuke."

Siku iliyofuata Baba alimaliza mbao na mlango, akamwachia Mbuke kazi moja tu: kupigilia wavu wa waya kwenye dirisha la sanduku.

"Piga kwa ndani," alimwagiza. "Chatu husukuma kwa pua. Wavu ukiwa ndani, akisukuma anaubana kwenye mbao. Ukiwa nje, anaung'oa."

Lakini ndani ya sanduku kulikuwa na joto. Ilibidi Mbuke aingize kichwa na mabega, na nyundo ilimgonga kidole mara mbili. Nje, rafiki yake Bhoke akapaza sauti, "Mbuke! Rede inaanza! Au umeolewa na chatu?"

Wasichana wakaangua kicheko. Mbuke akajitoa sandukuni, akapiga misumari minane kwa nje, haraka haraka. Akatundika gunia mbele ya dirisha, akakimbia kucheza.

Magharibi Baba alirudi na Mtulivu begani. "Umepiga kwa ndani?"

"Nimepiga kwa ndani, Baba."

Sasa kulipopambazuka, Mbuke aliinua gunia. Msumari mmoja ulikuwa chini. Mwingine ulikuwa umechungulia nje nusu yake. Aliuokota ule wa chini, akaurudisha kwa jiwe, polepole, Baba asiamke. Akaenda shule.

Darasani hakutulia. Chaki ilipogusa ubao, yeye alisikia ti. Mwalimu Apolonia alimuuliza nane mara saba, akajibu, "Misumari." Darasa zima likacheka. Mbuke hakucheka. Kengele ya mchana ilipolia, hakumngoja Bhoke. Alikimbia njia nzima, daftari kifuani.

Alipofika, Mama Zuwena alikuwa jikoni. Alikuwa amemtandikia Shaaban mkeka kwenye kivuli cha sanduku, kwa kuwa aliambiwa halifunguki. Mtoto alilala chali, mdomo wazi. Juu yake gunia lilikuwa likicheza, na hapakuwa na upepo.

Mbuke alimnyakua mtoto. Gunia likaanguka. Kona ya wavu ilikuwa imefunguka, na kichwa cha Mtulivu kilikuwa kimeshatoka, ulimi ukionja hewa.

"Baba! Baba, anatoka!"

Mzee Mihayo alitoka mbio. Mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine mwilini, akamrudisha chatu bila kumuumiza, akafungua mlango na kumhamishia kwenye tenga la zamani. Mama Zuwena alisimama na mwiko mkononi.

"Fundi gani huyu! Nakwenda kwa balozi sasa hivi!"

Baba aliinamisha kichwa. "Kosa ni langu, Mama Zuwena."

"Si lake!" Mbuke alisema, Shaaban akilia begani mwake. "Ni mimi. Nilipiga kwa nje, nikamdanganya. Alfajiri niliona msumari umeanguka, nikanyamaza."

Mama Zuwena alimchukua mwanawe, akampapasa kila kidole. "Nawapa hadi jua lizame," alisema mwishowe. "Wavu nitaukagua mwenyewe."

Baba hakumpiga Mbuke. Alimpa koleo ang'oe misumari yote iliyobaki. Mbuke akajiingiza tena sandukuni na nyundo, jasho likimtiririka, na Bhoke alipopita kuita, Mbuke hakutoka. Baba aliketi nje akiushika wavu.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema, "kupiga kwa nje lilikuwa kosa la kitoto, ningelirekebisha jana ile ile kwa nyundo. Lakini ulinificha, nami nikamlaza chatu mle kwa neno lako. Mama Zuwena akamlaza mwanawe pale kwa neno langu. Watu hulala juu ya maneno yetu, mwanangu. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajatandika mkeka."

Jua lilipokaribia kuzama, Mama Zuwena alikuja. Aliingiza vidole kwenye wavu, akavuta, akasukuma kwa mwiko. Haukutikisika. Akamgeukia Mbuke.

"Haya, fundi. Niambie mwenyewe."

Mbuke alimtazama machoni.

"Nimepiga kwa ndani."