Rota ya Gari la Babu

Kila asubuhi Rumena alishuka bandani na kikapu, akafungua mlango wa gari la marehemu babu yake, na kuokota mayai kwenye kiti cha dereva. Kuku wengine wa Bibi walitaga kwenye viota vyao vya majani makavu, lakini yule mwekundu hakutaka kusikia habari ya majani. Gari lilikuwa limekaa humo tangu Babu afariki, wakati Rumena alikuwa bado anabebwa. Kwake yeye lilikuwa chumba cha kuku chenye usukani.

Jumamosi moja, alipokuwa ametia mkono chini ya kuku, milango yote miwili ya banda ilifunguliwa kwa kishindo. Mama aliingia. Nyuma yake alikuja jirani yao Mzee Asen, aliyekuwa dereva wa trekta maisha yake yote, akiwa amebeba betri kifuani kama mtoto mchanga.

"Mtoe huyo bibi harusi," Mzee Asen alisema, akimwonyesha kuku. "Leo tunaliamsha gari."

Mama alimvuta Rumena kando, akamweleza kwa sauti ya chini. Basi la kijiji chao lingeacha kabisa kuja kuanzia Ijumaa, kwa kuwa abiria walikuwa wachache mno. Bila basi, Mama asingefika kazini kwenye kiwanda cha mikate mjini, wala Rumena asingefika shuleni. Gari likiwaka, wangeendelea kuishi hapa. Lisipowaka, wangepanga chumba mjini, na Bibi, ambaye hakukubali kuwaacha mbuzi wake hata kwa siku moja, angebaki peke yake mlimani.

"Lakini usimwambie Bibi," Mama alisema. "Atakosa usingizi bure."

Rumena aliitikia, ingawa jambo hilo lilimkaa vibaya moyoni. Yeye na Bibi hawakuwa na mazoea ya kufichana.

Alidhani kuliamsha gari ni kuzungusha ufunguo tu. Mzee Asen alikataa kabisa. Alisema injini iliyolala miaka mingi imekauka ndani, na ukiikurupusha hivyo hivyo vyuma vitakwaruzana. Alifungua plagi zote, akadondosha oili kidogo katika kila tundu, kisha akampa Rumena spana ndefu azungushe injini kwa mkono, polepole. Mwanzoni injini iligoma. Kisha ikalegea, na Rumena akahisi kitu kizito kikijigeuza huko ndani asikokuona. Aliuliza ni nini. Akaambiwa ni pistoni, vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya injini. Akauliza zinafanya kazi gani, na mbona ziko nne, na nani anaziambia ipi ianze. Mzee Asen alijibu yote, mwishowe akasema kwamba maswali yangekuwa petroli, wangefika baharini na kurudi.

Walimwaga petroli ya zamani, iliyokuwa imegeuka rangi na kunuka kama vanishi. Kwenye kichujio cha hewa walikuta kiota cha panya kilichotengenezwa kwa nyuzi za sufu, na Mama akaitambua soksi yake. Walibadilisha oili, wakaweka mpira mpya wa kupitishia mafuta, wakajaza matairi upepo.

Bibi alipita mara kadhaa na ndoo ya maziwa. Hakuuliza wanafanya nini. Mara moja tu alisimama mlangoni, akataka kujua kama gari hilo lingeweza kubeba magodoro.

"Shemeji, litabeba magodoro, jiko, na wewe juu yake," Mzee Asen alimtania.

Bibi hakucheka. Aliondoka na ndoo yake.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, kila kitu kilikuwa tayari. Mama alikaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Injini ilizunguka vizuri, lakini haikushika. Akajaribu tena. Hakuna. Mzee Asen alimwambia Rumena kwamba injini inadai vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya umeme. Petroli ilikuwapo, hewa ilikuwapo. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma, akamwambia Mama azungushe tena, na Rumena aangalie bila kupepesa kama cheche itaruka kwenye ncha ya plagi.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu."

Mzee Asen alifungua kifuniko kidogo cheusi ambamo nyaya zote za plagi zilikutana, akachungulia, kisha akaanza kucheka mpaka akashika kiuno. Ndani palikuwa na nafasi tupu. Rota haikuwapo, kile kipande kidogo, kisichozidi kidole gumba, kinachozunguka na kugawa umeme kwa kila plagi.

Alieleza kwamba enzi zao kila mwenye gari aliogopa wezi. Ukiegesha, uling'oa rota ukaitia mfukoni, ukang'oa na waipa ukazikumbatia. Wanaume walikuwa wakiingia kanisani na waipa kwapani, hata kwenye harusi zao wenyewe. Kwa hiyo marehemu aliichukua mwenyewe, siku ya mwisho alipoliegesha. Tatizo ni kwamba rota ya gari la zamani kama hilo haikuwapo tena madukani. Kuitafuta kungechukua wiki nyingi, na Ijumaa ilikuwa karibu.

Walimfuata Bibi jikoni, alikokuwa akimenya pilipili tamu zilizochomwa. Mama alimuuliza kama anajua ilipo. Bibi hakuinua macho. Alisema nguo zote za marehemu aligawa siku ya arobaini, na yaliyokuwa mifukoni yalikwenda nazo. Mama alitoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Rumena alibaki amesimama. Nyuma ya mlango wa chumba cha Bibi kulikuwa na koti la kijivu la Babu, ambalo alilijua tangu akiwa mdogo kabisa. Angeweza kwenda kupekua mifuko yake sasa hivi. Badala yake alivuta kigoda, akakaa, akachukua pilipili moja akaanza kumenya.

"Bibi," alisema taratibu, "lile koti hukuligawa."

Rumena alifikiria ahadi aliyompa Mama. Kisha akasema yote: basi, Ijumaa, chumba cha mjini.

"Gari lisipowaka ndipo mtahama?" Bibi aliuliza.

"Ndiyo. Likiwaka, Mama atakuwa anakwenda na kurudi kila siku."

Bibi alifuta mikono kwenye aproni, akaingia chumbani. Alirudi na leso iliyofungwa fundo, akaiweka kwenye kiganja cha Rumena.

Mzee Asen alisugua rota iliyotoka ndani ya leso kwa kitambaa, akaibana mahali pake. Mama alizungusha ufunguo. Gari lilikohoa, likatoa moshi uliowafukuza kuku wote uani, kisha likashika, likanguruma bila kukatika. Kabla ya kuwaruhusu kupita getini, Mzee Asen aliwataka wajaribu breki mara nyingi.

Rumena alikiri kwa Mama kwamba alikuwa amevunja ahadi. Mama alizima injini, akamshika bega.

"Mimi ndiye niliyekosea kukunyamazisha," alisema. "Jambo linalomhusu mtu aambiwe mwenyewe, hata kama ni zito. Tukimficha, atajaza pengo kwa hofu zake."

"Mnafichana kwa huruma, na mgongo unaoumia ni wangu," Mzee Asen alinung'unika.

Mama alimgeukia Bibi, aliyekuwa amewafuata hadi mlangoni mwa banda, akamuuliza kwa upole kwa nini hakuitoa rota tangu jana. Bibi alianza kusema habari za uzee na kusahau. Akaacha katikati. Alitazama gari, kisha akamtazama binti yake.

"Nilidhani mnaliamsha ili mniache," alisema. "Msiondoke. Nataka mkae na mimi."