Swali la Mama wa Mtambile

— Hiki ndicho kipindi changu cha mwisho hapa, Radhiya. Kesho nnapanda boti ya asubuhi, Unguja.

Radhiya aligeuka nusura aangushe karatasi za maswali. Zilibaki dakika nne "Muulize Shehe" iingie hewani. Televisheni ya jamii ya Tibirinzi ni chumba kimoja, kamera moja na watu watano wanaojitolea bila mshahara. Feni ilikwishazimwa ili maiki isinase mlio wake.

— Unguja kufanya nini, Masoud?

— Kupoza moyo. Ntu akishakataliwa hawezi kusimama kila siku akimpiga picha aliyemkataa.

— Nani kakukataa?

— Usinichezee, wallahi. Ami yangu kaleta posa kwenu Ijumaa. Jana babaako kajibu: mtoto hataki. Nikajua tu. Sisi wavuvi wa Chokocho, nyinyi watu wa nasaba.

Radhiya akakumbuka. Ijumaa ile baba yake, Mzee Zahran, alimwita ukumbini kwao Mtambile. "Masoud kaleta posa. Wasemaje?" Moyo ulimrukaruka kama mbuzi kafunguliwa kamba. Amtake vipi zaidi, kijana aliyemchongea mwanawe Raniya maiki ya kifuu cha nazi ili asilie mama akiwa hewani! Lakini haya zikamkaba. Akainama, akasokota ncha ya mtandio, kimya. Ndivyo alivyofanya miaka sita nyuma, alipoposwa mara ya kwanza. Baba akacheka, "Kimya chake ndiyo yake," na nyumba ikalipuka vigelegele. Ndoa ile ilivunjika, ikamwachia Raniya. Safari hii baba alingoja, akakohoa, akaondoka taratibu. Radhiya akadhani anakwenda kukubali. Siku tatu nzima alikuwa akifua huku anaimba.

— Mie sikusema sitaki!

— Ulisema nini?

— Sikusema kitu.

— Basi jawabu ndilo hilo.

— Nyinyi! — Mwanakhamis, fundi wa sauti, akawakemea. — Tuko hewani. Tatu, mbili...

Radhiya akamkaribisha Shehe Kificho, akasoma swali la zaka ya mpunga, likajibiwa. La pili lilikuwa la mtu wa Wete kuhusu mpaka wa shamba. Akalitazama, akaigeuza karatasi kifudifudi.

— Shehe, kuna mama mmoja wa Mtambile. Kaachika, ana mtoto. Babaake kamuuliza kama anamtaka aliyemposa. Akaona haya, akanyamaza. Kimya chake si ndiyo ridhaa?

— Hasha! Kimya ni cha mwanamwali. Huyo keshaolewa, ndoa anaijua tamu na chungu yake. Lazima atamke kwa ulimi wake.

Kamera ikayumba. Watazamaji wakaona dari, kisha ndevu za Shehe, kisha dari tena.

— Masoud! — Mwanakhamis akanong'ona. — Kamera ina homa?

— Na babaake akirudisha jawabu kwamba hataki? — Radhiya akauliza.

— Kafanya haraka. Angemuuliza tena. Lakini na huyo mama naye! Babaake mmoja anamwonea haya, Pemba nzima haionei haya? Mwambie haya ni pambo, si kufuli. Atamke leo, kabla mchumba hajachukuliwa na wengine.

Simu ya maswali ikatoa mlio. Ujumbe. Radhiya akausoma kimoyomoyo:

"Asalaam alaykum. Mwambie mama wa Mtambile babaake anatazama. Alidhani jeraha la ndoa ya kwanza bado bichi, hakutaka kumbana. Anasubiri jawabu lake."

— Swali jingine hilo? — Shehe akauliza.

— Hili... hili nitalijibu mwenyewe, Shehe.

Kipindi kilipokwisha tu, akapiga simu palepale, mbele ya Shehe, Mwanakhamis na Masoud aliyekuwa bado kaikumbatia kamera.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba. Nnakusikiliza.

— Namtaka.

— Unamtaka nani?

— Baba na weye!

— Aa, Shehe kataka tamko. Mie sitaki kukosea mara mbili.

— Namtaka Masoud bin Yussuf wa Chokocho! Umesikia?

— Majirani wote wamesikia. Mwambie ami yake aje kesho. Mvuvi, mkulima, mie sikuuliza nasaba. Niliuliza kama mwanangu ataheshimiwa.

Radhiya akaiteremsha simu. Masoud alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha kusafishia lenzi.

— Na boti yako ya asubuhi? — akamuuliza.

— Boti ipi? Mie bahari hunitapisha.

— Mtoto wa Chokocho, bahari ikutapishe!

— Ndiyo maana nikashika kamera!

Mwezi mmoja baadaye, Mwanakhamis ndiye aliyepiga picha harusi ya Mtambile, maana upande wa wanawake haingii mwanamume ila baba anayekuja kuchukua idhini. Mzee Zahran akaketi mbele ya mwanawe aliyepambwa kwa hina na asumini, Raniya kaketi ubavuni pake.

— Radhiya binti Zahran, unaniidhinisha nikuozeshe kwa—

— Niozeshe, baba!

— Ngoja basi nimalize kuuliza, mwanangu!

Hakumaliza. Vigelegele vilimzidi nguvu.