Kipande cha Ukungu

Duka la mbao za sakafu siku ya Jumamosi ni kama kikao cha ukoo: kila mtu kaja na maoni yake na hakuna anayesikilizwa. Mume anataka nyeusi, mke anataka nyeupe, mama mkwe anauliza vigae vina ubaya gani. Katikati ya kelele hizo alisimama fundi cherehani mmoja, mwanamke wa miaka arobaini na moja, kavaa gauni la bluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko miwili mikubwa, na pini tatu kazichomeka begani kwa mazoea. Mkono wa kulia alishika kipande cha ubao wa kijivu. Wa kushoto alishika kipande kingine, nacho cha kijivu. Alikuwa anahamia duka kubwa zaidi, na nyumba aliyokaa na mama yake nayo ilikuwa inangoja sakafu mpya. Kijivu kipi kiende wapi, hakujua.

“Hizo taa zisikudanganye, dada,” sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. “Kijivu hakichaguliwi dukani. Kichukue nyumbani, ukae nacho siku tatu.”

Sauti ile aliijua. Hata maneno aliyajua, maana aliwahi kuambiwa yaleyale, na mtu yuleyule, miaka kumi na miwili iliyopita.

“Asubuhi, mchana na jioni,” alimalizia bila kugeuka. “Kwa sababu kijivu kina sura tatu.”

Nyuma yake penseli ilianguka chini.

“Sindano?”

“Ndiyo mimi, Futi.”

Hayo majina walipeana wenyewe, enzi zile. Fundi cherehani ndio kwanza amepata duka lake la kwanza, chumba kimoja chenye saruji iliyopasuka, na huyu bwana akaja kupima sakafu akiwa na tepu kiunoni na penseli sikioni. Alipima chumba, akapima mlango, akapima meza ya kukatia, mpaka yeye akamwuliza kama na mwenye duka naye atapimwa. “Mwenye duka hana kipimo,” alijibiwa, na wote wawili wakacheka kama wamefahamiana tangu utotoni. Akamwita Futi. Naye akaitwa Sindano, kwa sababu, Futi alisema, ni ndogo, inang'aa, na ukiikalia vibaya utajuta.

Ikawa simu kila asubuhi.

“Sakafu imeamkaje?”

“Haijawekwa bado, Futi, itaamkaje?”

“Basi mwenye sakafu ameamkaje?”

Kazi ya siku mbili ilichukua miezi miwili, na hakuna aliyelalamika. Maneno ya utani Futi alikuwa nayo debe zima. Yale ya kweli ndiyo yaliyokuwa yakimkwama kooni. Hatimaye akamletea vipande vitatu vya kijivu: Moshi, kilichokoza, Majivu, cha katikati, na Ukungu, chepesi, chenye mistari ya mbao isiyoonekana mpaka uinamishe kichwa. Alikipenda Ukungu papo hapo, akakikumbatia mbele ya Futi. “Huu ndio moyo wangu,” alisema.

“Usiwe na haraka. Kaa navyo siku tatu. Viangalie vyote, juu na chini. Halafu nirudishie kimoja tu, hicho ndicho kitakuwa jibu.”

“Juu na chini! Nani anatembea chini ya sakafu?”

Futi alicheka kicheko kisicho na sauti, akaondoka haraka.

Alikaa navyo siku tatu kama alivyoambiwa. Siku ya tatu pini ilimdondoka juu ya kipande cha Ukungu, akaitafuta kwa macho asiione, mpaka ikamchoma kidole. Akajaribu juu ya Moshi: pini ikaonekana kama nyota. Duka la fundi cherehani na watoto wa wateja wanaotambaa! Moyo ulitaka Ukungu, kazi ilitaka Moshi. Alirudisha Moshi, akiwa na fahari ya mtu aliyetumia akili.

Futi alikipokea, akakigeuza, akautazama mgongo wake muda mrefu.

“Una hakika?”

“Nimefikiri siku tatu nzima. Sibadilishi.”

“Haya, dada.”

Hakuwahi kumwita dada kabla ya hapo. Alitandika sakafu kwa siku mbili, kimya, kazi safi isiyo na kasoro. Siku ya tatu hakuonekana, na simu yake haikupatikana tena. Fundi cherehani alingoja wiki, akangoja mwezi, kisha akajikaza kisabuni. Mwanamume aliyeondoka bila kwaheri hatafutwi, alijiambia, na kila alipojiambia hivyo alikuwa anatazama mlangoni.

Sasa huyu hapa, katikati ya duka, anaokota penseli. Shati la kijani limepauka kwa kufuliwa. Kichwani mvi zimeanza kuingia, pande zote mbili, sawasawa kama zimepimwa.

“Umekuwa kijivu,” alimwambia, kwa kukosa la kusema.

“Nimefuata soko.” Futi alitabasamu, kisha tabasamu likarudi lilikotoka. “Shemeji hajambo?”

“Shemeji yupi?”

“Mume wako.”

“Huyo bado hajafika. Nadhani alipotea njia. Wewe?”

“Nilioa. Tuliachana kwa amani, huu mwaka wa tano. Nina binti ana miaka tisa, ananisahihisha hesabu.” Alimtazama vizuri. “Ile sakafu ya duka bado ipo?”

“Haijanyanyuka hata ubao mmoja.”

“Niliacha nafasi kando ya ukuta. Mbao hutanuka. Ukizibana kila upande zinainuka katikati.”

“Wewe nawe uliacha nafasi, Futi. Miaka kumi na miwili. Hata kwaheri hukusema.”

“Mimi?” Sauti ilipanda, mama mkwe wa watu akageuka kuwatazama. Futi akaishusha. “Sindano, kwaheri uliitoa wewe. Nilikuuliza, ukanijibu. Basi.”

“Uliniuliza nini?”

“Yaliyopita si ndwele.”

“Usinipe methali, nipe jibu!”

Lakini muuzaji alikuwa tayari kamwita Futi kaunta, mzigo wake umeshatoka: mbao za chumba cha kungojea cha kliniki moja, kazi aliyoijia kutoka mji wa mbali. Aliandika namba yake ya simu nyuma ya kipande kimojawapo alichoshika mwanamke yule, kwa penseli. “Kama utahitaji ushauri wa sakafu,” alisema. “Kesho namaliza kliniki, saa kumi nashika njia.” Akaenda akiwa kabeba boksi begani, bila kugeuka nyuma.

Nyumbani chai ilikuwa tayari. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miwani puani, birika la moto mbele yake.

“Umechagua?” mama aliuliza.

“Sijachagua.”

“Wewe kila kitu unachagua kwa miaka.”

Neno lilimwingia lilikokusudiwa na lisikokusudiwa. Nilikuuliza, ukanijibu. Aliuliza nini? Lini? Alipekua kumbukumbu kama mtu anayetafuta kifungo kwenye kopo la vifungo, hakukiona. Kuuliza si ujinga. Alitoa kile kipande mfukoni, akapiga namba iliyoandikwa nyuma yake, akasema ni Sindano.

“Sakafu imeamkaje?” sauti ya Futi iliuliza, na kisha ikajutia, maana ilikohoa.

“Futi, sijalala. Uliniuliza swali gani?”

“Sindano, mambo ya kale hayo.”

“Ya kale kwako. Kwangu ni ya leo, maana silijui hilo swali. Hukuniuliza chochote. Ulikuwa unanipigia simu kila asubuhi, mara ukanyamaza.”

“Nilishindwa kusema kwa mdomo,” Futi alisema. “Nikaandika. Nyuma ya Ukungu.”

“Nyuma ya nini?”

“Kile kipande ulichokikumbatia. Nilikuambia uviangalie juu na chini. Nikasema utakachonirudishia ndicho jibu. Ukanirudishia Moshi, ukasema umefikiri siku tatu na hubadilishi. Ningefanya nini tena? Ningekupigia magoti juu ya saruji?”

Fundi cherehani alikuwa akitazama mezani. Chini ya birika la mama, pale lilipokuwa kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na miwili, palikuwa na kipande cha ubao wa kijivu chepesi, katikati kina duara la rangi ya kahawia kwa kuungua. Vile vipande viwili vilivyobaki, Majivu alimpa jirani akazibie tundu la panya. Ukungu hakuweza kukitoa. Alikifanya kibao cha birika, na kwa sababu yeye ni fundi, hakutaka kikwaruze meza, akakibandikia kitambaa kizito cha bluu upande wa chini. Alikumbuka vizuri kwamba kulikuwa na maandishi ya penseli. Alidhani ni vipimo. Nyuma ya mbao za mafundi kuna nini kingine?

“Usikate simu,” alisema. “Mama, nyanyua birika.”

“Chai bado moto.”

“Mama, tafadhali, nyanyua birika!”

Mama alinyanyua, macho yamemtoka. Mwanawe alikigeuza kibao, akaingiza ncha ya mkasi chini ya kitambaa chake mwenyewe, gundi aliyoipaka mwenyewe kingoni tu, akavuta. Kitambaa kilitoka taratibu. Penseli ilikuwa bado nzito na nyeusi, imehifadhiwa vizuri, kwa kuwa yeye ndiye aliyeifunika.

*Sindano, ukikubali niwe mumeo, nirudishie hiki. Usipokubali, rudisha kingine chochote, nami sitakuuliza tena. Futi.*

Machozi yalimshuka. Alizililia zile asubuhi, zaidi ya elfu nne, ambazo simu haikuita. Alililia ule mwezi aliotazama mlango. Alililia kidole kilichochomwa na pini, na akili aliyojivunia.

“Kuna nini hapo?” mama aliuliza, akasogeza miwani. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alikaa na birika mkononi, hajui aliweke wapi. “Na mimi nimekimwagia chai juu miaka yote hii,” alisema.

“Sindano?” Futi aliita kwenye simu. “Upo?”

“Nipo. Nielekeze hiyo kliniki. Kesho saa kumi, usishike njia kabla sijafika.”

“Kwa nini?”

“Wewe ngoja tu. Safari hii ni zamu yako ya kungoja.”

Chumba cha kungojea cha kliniki kilikuwa na harufu ya mbao mpya na rangi ya ukutani. Viti vilikuwa vimepangwa nje kwenye korido. Futi alikuwa amepiga magoti pembeni ya mlango, anatia ubao wa mwisho, akautazama ulivyoingia, akaugonga kidogo kwa kiganja. Ni kijivu cha katikati, aliwaambia wenye kliniki, kinavumilia viatu vya watu wengi na hakimtishi mgonjwa. Aliposikia visigino alijua, lakini hakuinua kichwa mpaka gauni la bluu lilipofika mbele yake.

Sindano alinyoosha mkono, akampa kipande.

Futi alikipokea. Alipitisha kidole juu ya lile duara la kuungua.

“Hii alama?”

“Birika. Miaka kumi na miwili ya chai.”

Alikigeuza. Aliona nyuzi za bluu zilizobaki kwenye gundi, akaona mwandiko wake wa ujana, na akaelewa yote. Alikaa kitako palepale sakafuni, mtu mzima, penseli sikioni.

“Ulikifunika,” alisema.

“Nilidhani ni vipimo.”

“Na Moshi?”

“Pini hazionekani juu ya Ukungu, Futi! Nilirudisha Moshi kwa sababu ya pini. Ningejua ningerudisha Ukungu, na watoto wa watu wangechomwa mpaka leo.”

Futi alianza kucheka, na katikati ya kicheko alijifuta macho kwa mkono wa shati. “Nilikuwa mjinga,” alisema. “Mtu anaulizwaje jambo kama hili kwa ubao?”

“Mjinga mmoja aliandika, mjinga mwingine akabandika kitambaa. Tunalingana.” Alikaa naye chini, gauni na mifuko yake yote, kwenye sakafu ambayo hakuna mgonjwa aliyewahi kuikanyaga. “Nimekirudisha. Lakini sitaki ule mwandiko. Niulize kwa mdomo.”

“Sasa hivi?”

“Unataka siku tatu?”

Futi alishusha pumzi. Alimtazama, na zile pini begani, na mvi mbili tatu alizokuwa nazo yeye pia pembeni ya uso.

“Sindano,” alisema, na safari hii hakukwama. “Nina mvi, nina binti anayenizidi hesabu, na nyumba yangu iko mbali. Utanikubali niwe mumeo?”

“Nakukubali. Nilikukubali siku ulipopima meza.”

Simu iliita mfukoni mwa gauni. Alitaka kuiacha, akaona jina, akapokea.

“Mama anauliza,” alisema, mkono kazibia simu, “birika aliweke wapi. Anasema tangu jana amelishika mkononi.”

Futi alisimama, akajikung'uta vumbi la mbao magotini. Alikichukua kipande cha Ukungu, akakikumbatia kifuani kama yeye alivyokikumbatia siku ile.

“Mwambie asubiri kidogo,” alisema. “Kibao kinakuja, na aliyekiandika anakileta mwenyewe.”