Studi Nne za Teksi ya Dagnew

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, tarehe 15 ya mwezi wa Hidar, gurudumu la mbele la kushoto lilichomoka kwenye teksi kuukuu ya Dagnew, katika mteremko wa Shiro Meda. Gari likapindukia mtaroni. Saa sita, Dagnew akiwa hajazinduka hospitalini, Sajini Tsige aliingia dukani kwa Asrat, muuza vipuri wa soko la Merkato, akamwaga mezani vipande vitatu vya studi, zile skrubu nene zinazoshikilia gurudumu.

"Gashe Asrat," alisema, kwa jina la heshima la wazee, "wanasema jicho lako halihitaji kipimo. Studi hizi zina nini?"

Asrat alizitambua kabla hazijatulia mezani.

"Mmemkamata nani?"

"Wawili. Demissew, dereva mwenzake, alionekana alfajiri amechuchumaa kando ya gurudumu hilo na spana mkononi. Na Getnet fundi. Gereji nzima ilimsikia akimwambia Dagnew, 'Gari hili litakuua.'"

Getnet. Asrat ndiye aliyemfundisha kushika spana.

"Demissew mwachie huru," alisema. "Nati bado imo kwenye kila kipande. Angelegeza nati, studi zingebaki nzima. Hizi zimekatika."

"Kwa nini?"

Alitaka kusema ni uzee wa gari. Lakini rangi ya bluu iliyoachwa na moto kwenye chuma ilikuwa wazi, hata kwa askari.

"Zimechomelewa nyuma. Studi ina meno shingoni, yanayouma tundu la habu, kitovu cha gurudumu. Ukiweka nyembamba, inazunguka nati inapokazwa. Sasa fundi mvivu anaibana kwa moto, na moto unakifanya chuma kikatike kama biskuti."

"Fundi mvivu," Tsige aliandika. "Yaani Getnet?"

Nafasi ya kusema hapana ilikuwepo. Asrat akasikia sauti yake mwenyewe: "Mafundi ndivyo walivyo, Sajini."

Mama muuza kahawa wa mtaani aliwaletea vikombe viwili. Tsige akanywa polepole.

"Kuna kitu kinanisumbua. Getnet anasema alizikataa. Ndiyo maana alimwambia Dagnew gari litamuua, na azirudishe studi alikozinunua. Hiyo ni tarehe 11 jioni. Tarehe 12 ni sikukuu ya Mikaeli. Gereji zote zimefungwa, na Getnet kutwa alikuwa kwenye maandamano ya kanisa, amebeba mwavuli, mtaa mzima unamwona. Tarehe 13 asubuhi Dagnew yuko barabarani. Nani aligusa moto siku ya Mikaeli?"

"Getnet hakumtaja aliyeziuza?"

"Amekataa. Anasema mtu huyo ana heshima zake."

Maneno hayo yalimchoma Asrat kuliko tusi. Akavisukuma vipande mbali.

"Mtu anaweza kukosea. Analetewa studi ya zamani, anajaribu nati, inaingia, anadhani kazi imekwisha. Isitoshe Dagnew alikuwa na haraka. Hata ile ya nne ilibidi ichomelewe mara mbili, maana..."

Tsige aliweka kikombe chini.

"Nimekuletea tatu, Gashe. Ya nne haikukatika. Imo kwenye habu, kituoni, nyuma ya kufuli. Ni kweli, imechomelewa mara mbili."

Ukutani palining'inia kipimo cha venia cha kupimia unene wa chuma, bado kimo ndani ya nailoni yake.

"Dagnew alikuja siku ya Mikaeli, saa nne," Asrat alisema. "Dukani palikuwa na wateja. Akaniambia mbele yao, 'Gashe, Getnet anasema umekosea.' Getnet, niliyemfundisha mimi. Ningepima pale, ningeona. Nikaazima mashine ya kuchomelea ya jirani, nikazichomelea mwenyewe. Nilitaka Getnet ndiye awe amekosea."

"Pima sasa."

Asrat aliichana nailoni kwa meno, akapima shingo ya studi.

"Milimita kumi na tatu," alisema. "Tundu linataka kumi na nne."

Saa kumi jioni, kituoni, Getnet alitolewa mahabusu. Alipomwona Asrat uso ukamchangamka, akaja kumsalimu kwa kumgonga bega kwa bega, mara tatu.

"Nilijua utakuja kunitoa, Gashe. Nilimwambia huyu Sajini, ngoja mzee wangu aone hizo studi."

Askari wa zamu alimsukumia Getnet mkanda wake wa suruali juu ya kaunta, ule aliovuliwa alipoingizwa mahabusu. Getnet akauchukua, akacheka kidogo, akaanza kuuvaa.

Kisha mikono yake ikasimama. Kando yake, bila kuambiwa, Asrat alikuwa anafungua wa kwake.