Hodi ya Pili

Asubuhi hiyo ofisi ya Likoni ilinuka udi, na hakuna aliyefukiza. Gona akafungua daftari lake. Mwaka 1947 karani hakuajiriwa kunusa.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha matetemeko ya ardhi. Saa za vituo vya kuyapimia zamani zilikosea, basi matetemeko ya miaka kumi na mitano yalitiwa ramanini pasipo pake. Bwana wake Mzungu alimweleza kwa lugha ya nyumbani: tetemeko hupiga hodi mara mbili; hesabu sekunde baina ya hodi hizo, na kila sekunde ni maili tano. Zikikaribiana, mgeni yu karibu. Gona akafuta doa hapa, akatia kule, hata madoa yakajipanga mstari mmoja kutoka bara, ufa mtupu wa ardhi. Mzungu alifurahi kama aliyeoza binti. Gona hofu ilimshika, maana doa la mwisho liliangukia Mtongwe, juu ya nyumba yake, alimomwacha mkewe Kahaso na mtoto wa siku arobaini.

Adhuhuri alikwenda kwa mganga, Mama Nyamvula, akamweleza yote. Mama akaacha kusaga dawa.

"Umehamisha, mwanangu?"

"Kwa penseli tu, mama."

"Sisi tukimhamisha jini humtajia pa kwenda, naye huenda. Wewe umemtajia kwako."

"Nitalifuta doa."

"Mgeni aliye njiani hafutwi. Kimbia. Akipiga hodi, asiitikiwe. Asiyekaribishwa haingii."

Gona alikimbia, viatu mkononi, akipita minazi na watu waliomsalimu asiwajibu, na ile harufu ya udi ikimtangulia badala ya kumfuata, ikizidi kila hatua, mpaka akaufikia ua wake akaona maji ya mtungini yakitetemeka ilhali upepo haupo na kuku wote wamepanda paani mchana kweupe, na ndani mtoto analia.

"Hodi."

Ilitoka chini ya udongo, sauti nzito, ya mtu mwenye adabu zake. Gona alitaka kumwita mkewe, amwambie anyamaze. Badala yake akajikuta anahesabu sekunde, kama alivyozoea kazini. Hakuimaliza moja.

"Hodi."

Ndani ya nyumba Kahaso, binti aliyelelewa akaleleka, aliitika bila hata kuchungulia.

"Karibu. Karibu ndani."

Mtoto akanyamaza.