Vichupa Viwili vya Tabea

Friza ilikuwa imefungwa vizuri, lakini vichupa viwili havikuwemo.

"Mtoto anafanyiwa upasuaji saa nane mchana," alisema Daktari Hedwiga, mkuu wa kliniki hiyo ya macho mjini Arusha. "Ni tiba ya jeni. Kichupa kimoja kwa kila jicho. Vingine havipo nchini."

Inspekta Romanus alitazama saa. Saa tatu asubuhi.

"Vikikaa nje?"

"Vikiyeyuka, vimekwisha. Ana miaka sita, Inspekta. Retina zake zinakufa."

Kwenye korido mtoto mwenyewe, Tabea, alikuwa akipapasa ukuta. Jua liliingia dirishani.

"Nani amezima taa?" aliuliza.

Swali lile lilimfuata Romanus kila chumba alichoingia.

Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ulikaa kwenye droo ya wauguzi; yeyote aliyelala wodini angeweza kuuona. Hakuna chombo cha baridi kilichopotea. Basi mwizi alikuja na chake.

Abdiel, baba wa Tabea, aliyemuuguza mwanawe usiku kucha, alisalimia kwa mkono wa kushoto.

"Wa kulia una nini, mzee?"

"Sufuria ya chai."

Romanus aliushika. Malengelenge meupe, kwenye ncha za vidole tu.

"Unafanya kazi gani?"

"Napandisha ng'ombe mbegu kwa mirija. Huko Maji ya Chai."

"Baba yangu alifuga. Haya yameunguzwa na baridi. Mtungi wako wa naitrojeni, wa kugandishia mbegu, uko wapi?"

Abdiel aliinamisha kichwa. "Kwenye pikipiki."

Waliufungua. Ukungu mweupe ukatoka, kisha vichupa. Vyote viwili vimepasuka.

"Mirija ya mbegu hustahimili baridi hiyo," daktari alinong'ona. "Kioo hiki, hapana."

"Ni mwanao, Abdiel!" Romanus alisema. "Kwa nini?"

"Wote ni wanangu." Alinyoosha kidole kwa Elinipa, binti yake mkubwa, aliyekaa barazani na fimbo nyeupe magotini. "Huyu walimpima, wakasema amechelewa. Nilisikia yuko daktari Nairobi ambaye angemtibu hata hivyo. Kichupa kimoja kwa jicho moja la Tabea, kimoja kwa jicho moja la dada yake. Nilimwomba Mungu asinilazimishe kuchagua."

Romanus alitoa pingu. Midomo yake ilitafuta sala, isiipate.

Elinipa aligeuza uso kufuata sauti ya chuma.

"Baba," alisema, "mimi nilikuwa namwombea Tabea. Uliniuliza lini?"