Bibi Harusi wa Evilásio

Kiti kilikuwa kimelowa. Si kile alichokalia Lindalva, bali cha pili, cha kando yake, ambacho mama yake wa ubatizo hukikalia akimfundisha, na siku hiyo mama huyo alikuwa sokoni tangu asubuhi. Lindalva alipitisha kiganja juu ya mbao akakuta maji, na maji yenyewe yananuka matope ya bwawa. Mji wa Crato ulikuwa haujaona tone la mvua kwa miezi saba. Alitazama dari, akafuta kwa kitambaa, akarudi kwenye kompyuta. Mwanafunzi mwenye hamu hana muda wa kushangaa.

Na hamu alikuwa nayo, maskini. Dona Zuleide, mama huyo wa ubatizo, alikuwa na studio ya picha za kuunga, zile ambazo kila nyumba ya huko huzitundika sebuleni: marehemu hufumbuliwa macho, mtu wa peku huvishwa suti, baba aliyekufa mapema huwekwa kando ya mtoto ambaye hakuwahi kumbeba. Zamani walipaka rangi kwa brashi, siku hizi ni kompyuta. Somo la kwanza lilikuwa la mwanga. Zuleide alimvisha blauzi nyeupe, akamsimamisha dirishani, akamwambia ageuze uso kidogo kushoto, akampiga picha ili aone kivuli kinavyokaa shavuni. Somo la pili lilikuwa la matabaka: picha moja ndani ya kompyuta ni kama vioo vingi vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ukizima kimoja unaona cha chini yake.

La tatu lilikuwa kazi halisi. Mjane mmoja, Dona Jovelina, alileta picha ya mwanawe Evilásio akiwa ndani ya jeneza, kijana aliyezama bwawani kabla hajaoa. Mwanawe anamlilia ndotoni, alisema, anataka mke. Lindalva alihangaika siku nne kumfumbua macho, na yalipofumbuka alijisifu moyoni. Bibi harusi, Zuleide alimwambia, nitamtengeneza mwenyewe, uso wa kubuni tu, wewe bado hujafika huko.

Baada ya kiti yakaja mengine, yote mchana, saa ile ambayo mji mzima umefunga madirisha kukwepa jua. Kwanza zilikuwa nyayo sebuleni, chwa, chwa, za mtu mwenye viatu vilivyojaa maji, zikaishia mlangoni pa chumba cha Lindalva. Kesho yake zikaingia ndani, na harufu ya matope ikatangulia, ikaja pumzi baridi shingoni, na Lindalva, aliyekuwa amejilaza kwa joto, akahisi godoro likibonyea upande wa ukutani, polepole, kama mtu mzito anayejilaza bila kutaka kumwamsha mwenzake, kisha mkono ukatafuta mkono wake, ukakipata kidole cha pete, ukakibana hadi mfupa ukauma, na sauti iliyojaa maji ikamwita mke wangu. Alipoweza kupiga kelele godoro lilikuwa tupu. Kidoleni palibaki mfinyo wa mviringo, na haukuondoka.

Alikwenda kwa Dona Filó, bibi anayeombea watu kwa matawi. Filó alimpitishia majani mabichi kichwani na mabegani, akinong'ona sala zake, na majani yakanyauka mkononi mwake kana kwamba yamechomwa. Akayatupa.

"Umeolewa lini, binti?"

"Sijaolewa, bibi."

"Mumeo anasema umeolewa. Anasema picha iko ukutani kwa mama yake."

Lindalva alikwenda mbio nyumbani kwa Jovelina, na hakuhitaji kuuliza kitu. Pale sebuleni, ndani ya fremu ya dhahabu, Evilásio alisimama kwa suti nyeusi, na kando yake, chini ya shela, uso umegeuzwa kidogo kushoto, alikuwa yeye. Mjane alimkumbatia akilia kwa furaha, akimwita mkwe wangu. Zuleide alimhakikishia, alisema, kwamba msichana mwenyewe ameridhia.

Njiani Lindalva alilia kwa uchungu, jinsi hofu isivyowahi kumliza. Mwanamke aliyembeba kanisani! Alimkuta akipiga pasi mapazia.

"Kila uso niliobuni uliharibika," Zuleide alisema, bila kuinua macho. "Ukitoka kwenye mashine umevimba, umeoza. Wako ndio marehemu alioupokea."

"Si ungeniuliza, mama?"

"Ungekataa."

Filó alikuwa amesema wazi: aliyeifunga ndoa hiyo ndiye aifungue, kwa mkono wake. Zuleide alipiga magoti, akaomba msamaha, akaahidi. Picha ile ya ukutani ilichomwa uani mbele ya macho ya wote, Jovelina akilia pembeni. Kisha Zuleide aliketi kwenye kompyuta, Lindalva amesimama nyuma yake, na uso wa Lindalva ukatoweka, ukaja wa mwanamke asiyekuwepo duniani. Safari hii uso haukuvimba. Jovelina akatengenezewa picha mpya.

Siku tisa zilikuwa kimya. Lindalva alirudi studio, akanywa kahawa na mama yake wa ubatizo, hata akacheka. Alitaka sana kumwamini.

Siku ya kumi, mchana, kidole kikabanwa tena. Hakupiga kelele. Alikwenda studio, akaifungua ile picha kwenye kompyuta, akakuta nyuso mbili za bibi harusi, mmoja juu ya mwingine. Akauzima wa juu. Wa chini ulikuwa wake, mzima, haukuguswa.

"Hukunifuta," alisema, maana alisikia Zuleide amesimama mlangoni. "Umenifunika tu."

"Nilijaribu kukufuta, mwanangu." Sauti ya Zuleide ilikuwa ndogo. "Nilipokufuta alikuja kulala kitandani kwangu. Nikakurudisha, akaondoka. Kama si wewe ni mimi."

Lindalva alishika kipanya ajifute mwenyewe. Mkono baridi, uliolowa, ukatua juu ya wake, ukaufunika kwa upole. Akageuka kumtazama mama yake wa ubatizo. Mikono yote miwili ya Zuleide ilikuwa kwenye kitasa, anaufunga mlango kwa nje.